Chuma Kisicho na Mwenyewe

Kilianguka Jumamosi asubuhi, jua limeshawaka na watu wako macho, kwa hiyo asije mtu akasema ilikuwa ndoto. Mama Kipenga, dobi wa mtaa, alikuwa jikoni akichemsha maji ya kulowekea. Mumewe, mlinzi wa ghala la nafaka, ndiyo kwanza alikuwa ametoka lindoni na kujitupa kitandani bila kuvua soksi. Binti yao alikuwa uani akianika mashuka ya watu. Walimwita Kipenga kwa sababu ya sauti yake: akimwita mtu kutoka uani, wa mtaa wa pili hugeuka. Asubuhi hiyo alikuwa akiimba. Ukasikika mvumo, kama lori linaloteremka mlima bila breki, kisha kishindo, na kuimba kukakoma.

Kilikuwa dumu la chuma la mviringo, ukubwa wa sufuria la kupikia shughuli, upande mmoja limebonyea, limejaa masizi. Kilipita kwenye kamba ya nguo, kikajiviringisha ndani ya shuka bichi, kikamkuta mtoto. Hakikuwa hata cha moto. Jambo hilo wengi walilishangaa, maana kila mtu alidhani kitu kinachotoka juu kiasi hicho lazima kije kinawaka. Mtoto alikuwa na miaka kumi na miwili. Hapakuwa na haja tena ya kumkimbiza popote, lakini baba yake alimbeba na kumkimbiza hivyo hivyo, na soksi zake miguuni, mpaka zahanati. Mganga alimtazama mtoto, akamfunika, akamvutia baba kiti.

Msibani watu walikuja wengi kuliko walivyotarajiwa. Wapo waliokuja kulia na wapo waliokuja kuangalia chuma, na hao wa pili hawakujificha sana. Polisi mmoja alikuwa amekifunika gunia na kuzungushia utepe kwenye kona ya ua, akaonya kisisogezwe, akaondoka zake. Watu wakawa wanatoa pole ndani, wakitoka wanapitia uani na simu zao mkononi.

Mwenyekiti wa mtaa alikaa karibu na baba wa marehemu. Alikuwa mtu wa kujua mambo, na asipoyajua huyasema tu.

"Baba Kipenga, piga moyo konde. Hiki ni kipande cha satelaiti. Wakubwa wa dunia wamezirusha huko juu, zinatuzunguka usiku na mchana. Hizo hizo zinazotuletea mpira kwenye televisheni. Zikichakaa zinameguka."

"Zikimeguka zinakwenda wapi?"

"Si ndiyo hivyo umeona."

"Cha nani sasa?"

"Cha nchi fulani. Kila kitu kina mwenyewe, ndugu yangu, tena hawa wenzetu huandika kila kitu. Watakuja. Sheria ipo ya dunia nzima: chako kikimwangukia mtu, unakuja mwenyewe na unawajibika."

Maneno hayo yalimwingia mlinzi kuliko pole zote alizopewa. Yeye maisha yake yote yalikuwa kulinda mali ya watu. Panya akitoboa gunia, anaulizwa yeye. Mvua ikivuja kwenye kona ya ghala, anaulizwa yeye, utadhani paa alilijenga yeye. Hakuwahi kulalamika, kwa kuwa aliamini dunia ndivyo inavyokwenda: kila kitu kina wa kukijibia. Sasa alikuwa na msiba, na msiba wake nao lazima uwe na mtu wa kuujibia.

"Mimi sitaki utajiri," alimwambia mkewe walipobaki wawili. "Wakitoa watoe, wasipotoa basi. Nataka mtu asimame pale mlangoni aseme, ni chetu, tumekosa. Basi. Nikisikia hivyo nitalala."

"Watakuja kweli?"

"Wataacha kuja? Kitu cha thamani vile?"

Mama Kipenga aliyashika maneno hayo. Watakuja.

Baada ya siku za msiba kwisha na wageni kutawanyika, nyumba ilibaki kimya, na kimya katika nyumba aliyokaa Kipenga kilikuwa kitu kigeni. Baba alirudi lindoni. Bosi wake alikuwa amekwisha kutuma mtu mara mbili kuuliza kama bado ana nia ya kazi. Mama akabaki na mabeseni. Nguo za wateja zilikuwa pale pale tangu Jumamosi, nyingine zimeanza kunuka uvundo, na mashuka yaliyokuwa kwenye kamba yalikuwa yamekusanywa na jirani na kurundikwa kwenye pipa. Mikono ya mtu aliyefua miaka yote hiyo haijui kuomboleza kwa namna nyingine. Akafua.

Alifua kila kitu. Alipofika kwenye shuka lile, alilijua. Lilikuwa la mke wa mfamasia, jeupe, zito, na lilikuwa na damu na masizi, na mahali pamoja limechanika kidogo. Alikaa nalo mapajani muda mrefu. Kisha akayakung'uta masizi kwa sabuni kavu, akalitia maji baridi, akalifua, akabadilisha maji, akalifua tena. Alipolianika na likakauka, akaketi na sindano akaushona ule mpasuko mshono kwa mshono, akalipiga pasi, akalikunja na mengine. Mteja hapelekewi msiba wako.

Halafu akakigeukia chuma. Damu ya mwanawe ilikuwa imekaukia juu yake, na nzi wamekizoea. Wageni wanakuja, watu wa nchi za mbali, na wataikuta damu ya Kipenga hivi hivi, waipige picha kama wale wa msibani. Isitoshe, alikuwa amelelewa hivyo tangu akiwa mtoto: chombo cha watu hakirudishwi kichafu, hata kama mwenyewe amekuletea balaa nacho. Polisi alisema kisisogezwe, naye hakukisogeza. Alipiga magoti pale pale ndani ya utepe na waya wa kusugulia masufuria, majivu, mchanga na sabuni ya unga. Alisugua mchana kutwa. Masizi yalitoka, yakafuatiwa na rangi iliyokuwa chini ya masizi, na chuma kikaanza kung'aa. Akakifuta kwa kitambaa kikavu, akakifunika.

Mumewe aliporudi na kukiona alisimama akakitazama. "Umefanya vizuri," alisema. "Waje wakute sisi ni watu."

Gari lilifika katikati ya wiki iliyofuata. Halikuwa na wageni wa nchi za mbali. Alishuka dada mmoja kijana, mtaalamu wa mambo ya anga kutoka ofisi ya serikali, na dereva aliyebeba mkoba wa vipimo. Alitoa pole vizuri, kwa mikono miwili, na hakukaa mpaka alipokaribishwa. Mwenyekiti alikuwapo, na wifi wa Mama Kipenga, dada mkubwa wa mumewe, ambaye tangu msibani alikuwa hajaondoka.

Mtaalamu alifunua kile kitambaa. Alichuchumaa. Akakizunguka, akakigusa.

"Kimeoshwa?"

"Nimekiosha mimi," alisema Mama Kipenga, na sauti yake ilikuwa na fahari kidogo, ile fahari ya mtu anayejua kazi yake. "Kilikuwa kichafu, mwanangu. Ungekiona!"

"Palikuwa na maandishi? Herufi, namba, chochote?"

Mama alimtazama mumewe. "Palikuwa na vitu vyeusi vyeusi upande huu. Niliona ni uchafu wa moto."

Yule dada alifumba macho kidogo, akayafumbua. "Mama, huko juu kuna takataka maelfu kwa maelfu. Satelaiti zilizokufa, mabaki ya roketi, matangi kama hili. Nchi nyingi zinarusha, na kampuni za watu binafsi pia. Yote yanazunguka pamoja. Vingi vikishuka huungua hewani, vichache haviungui. Kujua hiki ni cha nani, tunategemea yale maandishi."

"Hakuna anayezifagia hizo takataka?" aliuliza Baba Kipenga.

"Hakuna, mzee."

"Hata mmoja?"

"Bado."

"Mimi ghalani punje zikimwagika nafagia."

Mwenyekiti alikohoa, akasema picha zipo, mtaa mzima ulipiga picha, ngoja aite vijana. Simu zikaletwa. Mtaalamu alizipitia moja moja, na Mama Kipenga akawa anachungulia begani kwake. Hapo ndipo alipojiona. Alijiona akigaagaa chini, nguo imempanda mapajani. Alijiona amefumbua mdomo. Alijiona kwa mbele, kwa ubavuni, kwa nyuma. Mmoja alikuwa amempiga mpaka video. Chuma chenyewe kilikuwa kimefunikwa gunia kwenye picha zote isipokuwa moja, na hiyo moja mkono wa mpigaji ulitikisika, ikatoka kitu cheusi kama chungu kilichoungua. Picha za mama aliyefiwa zilikuwa tele. Ya herufi hata moja haikuwapo. Vijana wakachukua simu zao wakaondoka bila kumwangalia usoni.

"Tukiuliza bila ushahidi," alisema mtaalamu, "kila nchi itajibu si chetu. Hiyo ndiyo kawaida. Kilipoanguka kiligusa kitu kingine? Ukuta, mti, nguo? Rangi iliyoungua wakati mwingine huacha alama."

Mama Kipenga alifungua mdomo, akaufunga. Aliangalia chini.

"Hakuna," alisema wifi yake. "Kilimgusa mtoto."

Dereva na mwenyekiti walikibeba chuma mpaka kwenye gari. Baba Kipenga alisimama mbele ya mlango wa nyuma wa gari, mikono kiunoni, kama anavyosimama lindoni.

"Kinakwenda wapi?"

"Ofisini, mzee. Sheria inasema kitu kilichorushwa angani kinabaki mali ya mwenyewe, popote kitakapoangukia. Tunamtunzia."

"Mwenyewe si mmesema hajulikani?"

"Ndiyo. Lakini ni mali yake."

"Sasa chuma kina haki," alisema mlinzi polepole, kama mtu anayejifunza somo, "na mtoto je?"

Yule dada machozi yalimlengalenga. Hakuwa mtu mbaya, na ndiyo maana ilikuwa vigumu hata kumkasirikia. Alisema samahani, akaandika namba yake ya simu kwenye kipande cha karatasi, akasema wakipata lolote lenye alama, hata dogo, wampigie. Mlinzi akasogea pembeni, gari likaondoka.

Wifi mtu hakungoja vumbi litulie.

"Wewe mwanamke! Kuosha kote unakoosha hukutosheka? Ukaona ukafue na haki ya mwanao?"

"Wifi, nilidhani..."

"Ulidhani! Nani alikutuma? Watu wote wanaogopa kukigusa, wewe na majivu yako. Mdogo wangu amelea mtoto miaka kumi na miwili, leo hana hata wa kumnyooshea kidole!"

Mama Kipenga alimtazama mumewe, akingoja aseme lile neno, kwamba hata yeye alisifu. Umefanya vizuri, ndivyo alivyosema. Baba Kipenga alikuwa amekaa kwenye ngazi ya mlango, anajishughulisha na kamba ya kiatu isiyokuwa na tatizo lolote. Hakusema. Mtu mwoga haonekani siku ya kawaida.

Siku mbili hakumsemesha mkewe ila kwa mambo ya lazima. Chakula kiko wapi. Funguo ziko wapi. Siku ya tatu, wifi alipotoka kwenda sokoni, Mama Kipenga alimfuata mumewe chumbani akafunga mlango.

"Kuna kitu sikukisema."

"Sema."

"Shuka. Kile chuma kilikuja kimejiviringisha kwenye shuka la mke wa mfamasia, na shuka lilikuwa bichi. Lilishika weusi. Baba Kipenga, ule weusi ulikuwa na mistari. Ulikuwa kama mhuri uliogeuzwa. Yule dada aliposema alama, nikaukumbuka, nikaogopa. Wifi alikuwa pale."

"Shuka liko wapi?"

"Nilirudisha."

"Umelifua?"

"Nimelifua. Lakini siku ile macho yangu yalikuwa yamevimba, sioni vizuri. Huenda ilibaki hata kidogo. Masizi ni mabishi."

Ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yake ya kazi kuomba doa limshinde.

Mke wa mfamasia aliishi ghorofa ya nne katika jengo lenye vigae sakafuni. Aliwafungulia mlango nusu, alipowatambua akaufungua wote.

"Jamani, poleni sana. Nilitaka kuja, mambo tu yalinizidi. Karibuni. Mama Kipenga, nguo zangu si ulishaleta zote? Na malipo nilikupa?"

"Ulinipa, mama. Si hayo. Tunaomba kuona shuka moja jeupe, kati ya yale niliyoleta mwisho."

"Kuona?"

"Kuona tu."

Mwenye nyumba aliwatazama wote wawili, akaona afadhali awaridhishe. Alileta mawili kabatini. Hayakuwa na mshono. La tatu lilikuwa limetandikwa kwenye kitanda cha binti yake, aliyekuwa shuleni. Mama Kipenga aliondoa mto, akapitisha kiganja kwenye pindo, akaukuta ule mshono wake. Akalivuta shuka kwa uangalifu, akampa mumewe.

Baba Kipenga alilipeleka dirishani. Alilishika kwa ncha za vidole, akaliegemeza kwenye kioo, jua likapita ndani yake. Akaanza kutoka pembeni, kipande kwa kipande, uso wake umekaribia kitambaa kiasi cha kukigusa.

"Hapa," alisema.

Mkewe alisogea. "Hicho ni kivuli cha kidole chako."

"Na hapa?"

"Hilo ni fundo la uzi."

Aligeuza upande wa pili. Akarudia tena kutoka mwanzo. Jasho lilikuwa likimtiririka, naye alilifuta kwa bega asije akalidondoshea shuka.

"Lakini mnatafuta nini?" aliuliza mke wa mfamasia. "Hilo limetakata kuliko siku nilipolinunua! Nilimwambia hata mume wangu, huyu mama hana mfano." Kisha akainama kwenye pindo. "Ila hiki kishono mbona sikukijua? Lilichanika?"

Baba Kipenga alijibu, bila kugeuka kutoka dirishani.

"Ndilo alilokuwa anaanika mtoto."

Mke wa mfamasia aliweka mkono mdomoni. Macho yake yalitoka kwenye shuka yakaenda kwenye kitanda cha binti yake, yakarudi.

"Mungu wangu. Mwanangu amelilalia wiki nzima." Alirudi nyuma hatua moja. "Chukueni. Nendeni nalo tu, tafadhali, silitaki humu ndani. Na Mama Kipenga..." Alisogea kuwaachia njia. "Za wiki hii usijisumbue kuja kuzichukua. Pumzika kwanza. Nitakuita."

Wote watatu walijua kwamba hataita.

Waliteremka ngazi, mlinzi mbele, shuka kwapani. Kati ya ghorofa ya tatu na ya pili alisimama.

"Hata alama moja?" alisema. "Hata ncha ya herufi, mke wangu?"

"Damu ukiiwahi na maji baridi haibaki," alisema Mama Kipenga. "Na masizi hayatiwi maji kwanza. Unatanguliza sabuni kavu, unayakung'uta, ndipo unalowesha. Nilitanguliza."

"Ulitanguliza."

"Nilifanya vizuri, Baba Kipenga. Nilifanya vizuri mno."

Alikaa kwenye ngazi akalia, si kilio kile cha msibani ambacho mtaa mzima ulikipiga picha, bali kilio kidogo kisichokwisha. Mumewe alisimama akimwangalia. Hasira aliyokuwa ameibeba siku zote hizo aliitafuta asiione. Ilikuwa imebaki aibu. Akakaa kando yake.

"Nilikusifu," alisema. "Siku ile. Nilikusifu, halafu mbele ya dada yangu nikanyamaza."

Mama Kipenga alitikisa kichwa. Hakusema amesamehe wala hajasamehe.

"Basi haji mtu," alisema mlinzi.

"Haji."

Fundi mmoja alikuwa akipanda na mtungi wa gesi begani, anahema. Alifika walipokaa, akangoja, kisha akasema kwa adabu, "Samahani wazee, naomba kupita." Wakasogea ukutani, kila mtu upande wake, naye akapita katikati yao.